Swali la Fundi Zedekiah

Mwaka wa 1956 Zedekiah Ogutu alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kwa kazi ya mbao hakuwa na mpinzani katika karakana ya Gurcharan Singh, nyuma ya maduka ya katikati ya Nairobi. Mlango alioutia yeye haukulia wala haukugoma. Hata hivyo, mtihani wa ufundi wa serikali ulikuwa umemwangusha mara mbili, na sababu aliijua mwenyewe: hakuweza kusoma mchoro. Namba alizitambua. Ile mistari iliyokatikakatika na maneno ya Kiingereza ya pembeni ndiyo iliyomshinda. Mchoro ulipoletwa kazini aliukunjua, akakunja uso kama anayewaza, kisha akangoja mwenzake Haron aanze kukata ndipo amfuatize.

Haron alikuwa na miaka thelathini na ulimi mwepesi. "Mzee, samaki hukunjwa angali mbichi," alimwambia siku moja. "Wewe umeshakauka. Achana na mtihani."

Zedekiah aliendelea kupiga randa. Moyoni aliona ni kweli.

Wakati huo mkewe Peres alikuwa akifua nguo za jamaa ya Gurcharan, waliokaa ghorofani juu ya karakana. Kila asubuhi mume na mke walitoka Kibera kwa miguu, wakapita nyumba za Wazungu za Hurlingham, Peres akiwa amembeba mgongoni Awiti, mjukuu wao wa miaka mitatu. Peres akifua, mtoto alishinda na mama yake Gurcharan, bikizee asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji.

Adhuhuri moja Zedekiah alipanda juu kuchukua chakula chake. Akamkuta Awiti akimwomba bikizee maji kwa Kipunjabi, na si neno moja tu, bali maneno yanayofuatana. Alipokwisha kunywa akamgeukia Peres na kumsimulia jambo kwa Kijaluo bila kuvuta pumzi.

"Nani amemfundisha?" Zedekiah aliuliza.

"Hakuna," Peres alisema huku akikamua shuka. "Anauliza tu, Baba Nashon. Kutwa nzima ni kidole: hiki nini, kile nini."

Zedekiah aliketi kwenye ngazi, ugali mkononi, akatazama. Mtoto alinyoosha kidole kwenye kikapu. Bikizee akakitaja. Mtoto akarudia vibaya, bikizee akacheka mpaka shela ikamwanguka begani. Mtoto naye akacheka, akarudia, akakosea tena. Mara ya tano neno likakaa, na papo hapo kidole kikahamia kwenye birika.

Kumbe ndiyo hivyo, Zedekiah aliwaza. Huyu hajui kama kuna aibu. Mimi miaka yote nimeficha nisilojua, na nilichokificha nani angenipa?

Alasiri hiyo Gurcharan alitandaza mchoro wa kabati mezani. Zedekiah hakukunja uso.

"Bwana Gurcharan, mimi sijui kusoma karatasi hii. Mstari huu uliokatika ni wa nini?"

Misumeno ilinyamaza. Gurcharan alivua miwani, akamtazama.

"Fundi, miaka kumi na mbili wewe nafanya kazi hapa. Kwa nini hapana uliza?"

"Niliona haya."

Mhindi yule hakucheka. Alichukua chaki, akapiga magoti kwenye vumbi la mbao. "Hii mstari iko kitu ya ndani, macho hapana ona."

Tangu siku hiyo, kila saa ya chakula walichora sakafuni. Njiani Zedekiah alisoma kwa sauti vibao vya maduka, na wapita njia walipocheka alicheka nao, akauliza, akarudia. Hata Haron alimwuliza, na Haron, baada ya kuchoka kumdhihaki, akawa anamjibu vizuri. Hivyo ilipita miezi minane.

Siku ya mtihani walikuwa mafundi sita ukumbini. Kila mmoja alipewa mchoro wa dirisha la kibawa kimoja, lenye ubao mmoja tu wa kufunguka. Zedekiah aliusoma wote, mstari kwa mstari, mpaka chini, alipokuta maneno mawili asiyoyajua. Wenzake walikuwa wameshaanza kupiga randa. Aliyarudia tena maneno yale. Kisha akainua mkono.

"Bwana, maneno haya mawili yana maana gani?"

Mmoja wa mafundi akaguna kwa kejeli. Mzungu msimamizi aliinamia karatasi. "Dirisha limechorwa kama linavyoonekana ukiwa nje," alisema kwa Kiswahili chake kizito.

Ukiwa nje. Basi bawaba za kushoto, kwa aliye ndani, ni za kulia. Zedekiah alishika msumeno.

Saa tisa msimamizi alipita akifungua madirisha. Manne yalifungukia upande usio wenyewe. La Zedekiah lilifunguka sawasawa, likafungwa bila kusukumwa mara ya pili. Msimamizi alilifungua tena, nadhani kwa raha tu.

Cheti kilifika baada ya wiki tatu. Gurcharan aliagiza jalebi, vitamu vya Kihindi, kwa karakana nzima, na Haron akampa Zedekiah mkono kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa. Zedekiah alipanda ngazi mbilimbili hadi kwenye kamba za nguo.

"Nisomee," Peres alisema.

Alimsomea kila neno, hata jina la mpiga chapa. Peres alikausha mikono kwenye leso yake, akaishika karatasi, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hapo jina lako liko wapi?"

Akamwonyesha.

"Na langu," Peres alisema, akimpa kipande cha chaki alichokitoa mfukoni mwa shati la mumewe, "linaanza na herufi gani?"