Unga Mbele, Mchele Nyuma

Begi la mwanangu lilifungwa kabla sijaulizwa. Mama mkwe alilifunga Jumatano, akakunja humo suruali nne, fulana sita, soksi na kile kikombe chenye masikio mawili, akaliweka nyuma ya mlango wa sebuleni, mahali ambapo kila anayeingia lazima alisogeze kwa mguu. Jumamosi wifi yangu angekuja kumchukua mtoto akakae kwake. Kwa muda tu, walisema. Mpaka mdogo wake akue kidogo, mpaka mimi nipate nguvu.

Mtoto mwenyewe ana miaka miwili. Hajui kutembea, anajua kukimbia na kuanguka, ndiyo maana tunamwita Kishindo. Mdogo wake ana wiki sita, naye tunamwita Mgeni, kwa kuwa hulala mchana kutwa kama mtu aliyechoshwa na safari.

Hoja yao haikuwa ya kijinga, na hilo ndilo lililoniuma. Mimi ni fundi wa maabara katika shule ya sekondari, na likizo yangu ya uzazi ilikuwa ukingoni. Mume wangu hufanya kazi kwenye tanuri la mikate na hutoka nyumbani kabla jogoo hajajikung'uta. Kuwapeleka watoto kwenye kituo cha malezi kungekuwa juu yangu: nusu saa kwa mguu na kilima kimoja, na katikati ya kilima Kishindo huchoka, akaketi barabarani kama mtu aliyefika kwake. Nikimbeba yeye, Mgeni nimtundike wapi? Wifi alinihesabia: mgongo mmoja, mikono miwili, begi la nepi, mkoba wa kazi.

"Wewe si pweza, wifi yangu," alisema.

Wote wakacheka. Nami nikacheka, maana nikitaka kulia huwa naanza kwa kucheka.

Sitaki mumwone wifi mbaya. Ana vyumba vitatu, wanawe wamekua na kwenda zao, na alikwisha kununua kitanda kidogo na kukipaka rangi ya kijani kwa mkono wake. Kishindo angekula vizuri kuliko kwetu. Najua, kwa sababu mimi pia nilipelekwa kwa muda tu, na nilikula vizuri. Nilikuwa na miaka mitatu mdogo wangu alipozaliwa. Mama mkubwa alikuja na teksi na pakiti ya peremende. Muda ule ukawa miaka saba. Siku niliyorudishwa mama alinifungulia mlango, nami nikamwamkia kwa adabu, "Shikamoo, mama mdogo," kama watoto wa kule walivyozoea kumwita. Aliitikia marahaba. Kisha akaingia jikoni akakaa huko, na bomba la maji likabaki linatiririka. Hatujaliongea mpaka leo.

Basi jioni ile ya pweza nilisikia mtu akisema, "Nitawasukuma," na mtu huyo alikuwa mimi.

Mama mkwe aliuliza nitawasukuma kwa kitu gani. Nikasema kwa kigari, vile vya watoto wawili. Akasema watoto si viazi vya kupakiwa kwenye mkokoteni, na kwamba yeye amelea sita bila gurudumu hata moja. Wifi hakucheka. Alisema vyema, Jumamosi saa nne anakuja. Akikuta kigari, na kigari hicho kikafika kituoni na kurudi kikiwa na watoto wote wawili, yeye ataondoka mikono mitupu. Akampapasa Kishindo kichwani, kwa namna mtu anavyopapasa kitu alichokwisha kulipia.

Walipoondoka, mume wangu alisema dada yake ana nia njema.

"Nia njema ndiyo iliyonilea miaka saba," nikamwambia, "na mpaka leo kwa mama yangu naomba ruhusa kufungua friji."

Yeye alichukua futi, akatoka nje, akapima lango la uani ambalo ndilo jembamba kuliko yote tunayopitia. Akakata ufito wa upana ule ule, sentimita sitini na sita, akanikabidhi pamoja na fedha alizokuwa akiweka za baiskeli. "Kisichopita hapa usinunue," alisema. Kwa mume wangu hiyo ni hotuba.

Kazini kwangu nimejifunza jambo moja: chupa haiaminiki kwa sababu ya lebo yake. Kwenye mizani ya kliniki Kishindo ni kilo kumi na mbili, na Mgeni ni kilo nne. Ijumaa asubuhi nikawaacha na bibi yao, nikatia kikapuni kilo kumi na mbili za unga na kilo nne za mchele, nikachukua ufito wangu, nikaenda mjini.

Duka la vifaa vya watoto lilikuwa na sakafu inayong'aa hadi nikavionea aibu viatu vyangu. Mimi ni mtu wa haya. Nikirudishiwa chenji pungufu huondoka nayo hivyo hivyo. Mlangoni mlinzi aliutazama ufito, akachungulia kikapuni, akasema chakula hakiingii humo.

"Hawa ni watoto wangu," nikasema.

Alichungulia tena. "Nani kafanana na baba?"

"Wa unga."

Akanipisha.

Muuzaji alikuwa mwanamke wa rika langu, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Alianza na cha ghali, kama wanavyoanza wote: magurudumu ya kujaza hewa, kishikio cha ngozi, na kitundu cha kuwekea kahawa. Bei yake ilikuwa mshahara wangu wa miezi miwili, na mimi sinywi kahawa. Cha pili kilikuwa na viti ubavu kwa ubavu. Bei haikuwa mbaya, na Kishindo angekipenda, kwani angemfikia Mgeni masikio bila taabu. Nikauweka ufito. Kigari kiliuzidi kwa vidole vinne. Muuzaji akasema milango ya siku hizi ni mipana. Nikasema langu ni la siku zile.

Cha tatu kilikuwa cha bluu, kiti kimoja mbele ya kingine, kinakunjika kwa mkono mmoja. Mume wangu alikwisha kunionyesha picha yake kwenye simu. Muuzaji alisema hicho ndicho kila mtu anachonunua. Ufito ulikubali, bei ilikubali, na moyo wangu ukaanza kutulia. Angeweza kuandika risiti pale pale. Lakini kilo kumi na sita nilizozibeba juani sikuzileta kutembelea duka.

Niliomba, kwa sauti ndogo, niwapakie.

"Uwapakie akina nani?"

Niliweka unga mbele na mchele nyuma, nikawafunga mikanda. Mkoba nikautundika kwenye kishikio, maana asubuhi ya mvua ndivyo nitakavyofanya. Nikasukuma hadi kwenye rafu ya chupa na kurudi. Kilikwenda laini kama kinateleza. Watu wawili watatu walikuwa wameanza kutazama, mmoja wao mjamzito aliyefuatana na mama yake. Kisha nikafungua mkanda wa mbele na kuunyakua unga ghafla, kwa sababu Kishindo hashuki, huruka.

Kigari kiliinua pua kikaenda chali. Mfuko wa mchele ulichomoka kwenye mikanda, ukapiga sakafu na kupasuka, na punje zikakimbilia hadi chini ya vitanda vya maonyesho.

Kutoka mlangoni mlinzi alisema polepole, "Yule mdogo."

Msimamizi akaja, mtu mwenye tai. Alitaka kujua nani atafagia. Alisema mkoba hautundikwi kwenye kishikio, imeandikwa. Kila kiungo changu kiliniambia niombe radhi, nilipe, niondoke. Lakini nilikuwa nautazama ule mchele.

"Imeandikwa wapi?"

Akanionyesha karatasi ndogo iliyobandikwa chini ya kishikio, ya ukubwa wa stempu.

"Mwanangu hajui kusoma," nikasema. "Ana miaka miwili."

"Wewe si unajua?"

"Mimi nitakuwa nimemshika aliyeruka."

Alisema wanauza vigari hivyo kila wiki na hakuna aliyewahi kulalamika. Hapo nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele za watu. Nilikiinua kigari, nikamimina mchele uliobaki kwenye kikapu na kukiweka nyuma, nikaurudisha unga mbele, nikatundika mkoba, nikaunyakua unga tena. Kikaenda chali. Nikarudia mara ya tatu, taratibu, kama ninavyowarudilia wanafunzi wa kidato cha kwanza. Kikaenda chali bila kukosea hata kidogo. Mama wa yule mjamzito alilichukua boksi la kigari kama kile cha bluu lililokuwa mikononi mwa bintiye, akalirudisha kwenye rafu.

Msimamizi akaenda kupokea simu ambayo sikuisikia ikilia.

Muuzaji alileta ufagio. Tulichuchumaa wote wawili tukazoa mchele, na bila kunitazama akasema mwanawe wa pili aliwahi kuanguka vile vile, kwenye ngazi mbili, akapona. Akazoa tena kidogo.

"Stoo kipo kimoja," alisema. "Ila ni kibaya."

Hakunidanganya. Kilikuwa na rangi ya tope la juzi. Kilikaa dirishani mwaka mzima kuvutia wateja hadi jua likakifubaza, na kivuli chake cha nyuma, kile kitambaa cha kumkinga mtoto na jua, kilichanika, cha mbele hakikuwepo kabisa. Kilikuwa kizito, chuma kitupu. Lakini magurudumu yake ya nyuma yalikaa nyuma kweli kweli, kupita hata kishikio, na ufito ulikubali, ukabaki na nafasi ya kidole. Tukapakia. Nikaunyakua unga. Hakikutikisika. Muuzaji akaongeza mkoba wake juu ya wangu, nikaunyakua tena. Kilisimama kama punda aliyekwisha kuamua. Bei ilikuwa nusu ya kile cha bluu, na kwa sababu ya vivuli alinipunguzia tena. Mlinzi alinifungulia mlango wote, akaniambia niwasalimie watoto, hata yule wa sakafuni.

Mchana ule nilikata koti langu la zamani la maabara nikashona vivuli viwili. Mfuko wa kifuani niliuacha pale pale, na doa la ayodini halikutoka. Mama mkwe alikizunguka kigari, akasema kinafanana na kitanda cha hospitali kilichotoroka. Kisha alipoona kitambaa kinanishinda, akaketi akanishikia upindo mpaka nikamaliza.

Jumamosi wifi alifika saa nne kamili, teksi akaiacha langoni ikinguruma. Begi lilikuwa bado nyuma ya mlango. Alilisogeza kwa mguu. Alikikagua kigari, akakitikisa, akabonyeza viti kama anayechagua godoro. "Haya," alisema. "Twende."

Tulitoka, mimi nikisukuma, yeye kando yangu na viatu vyake vizuri, na dereva ambaye hajalipwa akitufuata nyuma polepole kama msafara wa waziri. Lango lilitupitisha. Kilima kilipoanza, mikono iliwaka moto na jasho likaniingia machoni. Wifi alinyoosha mkono, akasema nimpe asukume kidogo.

"Hapana, wifi."

Aligeuka kunitazama. Neno hilo hakuwahi kulisikia kwangu.

Katikati ya kilima, pale pale anapoketi siku zote, Kishindo aliona mtoto wa mbwa. Sijui mkanda aliufunguaje. Aliruka. Mkono wangu mmoja ulimdaka shati, mwingine ukaachia kishikio, mguu ukakanyaga breki. Mkoba ulikuwa umetundikwa, Mgeni yuko nyuma, na pua ya kigari imeelekea juu. Nilimwona wifi akijirusha na mikono yote miwili mbele.

Kigari kilisimama.

Mgeni alikuwa amelala. Mikono ya wifi ilibaki hewani, haina cha kudaka.

"Wifi," nikasema, "mimi nilipelekwa kwa muda tu. Nilirudi baada ya miaka saba, nikamwamkia mama yangu nikimwita mama mdogo. Kishindo haendi. Hata nikikosa kigari, hata nikiwabeba mmoja mmoja na kurudi kumfuata wa pili, haendi. Akija kwako atakuja kutembea, nami nitakuja naye, na nitarudi naye."

Aliishusha mikono polepole. Alimtazama Kishindo aliyekuwa ananing'inia kwenye shati lake akimwita mbwa.

"Na kitanda?" aliuliza.

Hapo moyo uliniuma kuliko wakati wowote wiki ile, lakini sikulirudisha neno langu. Nikamwambia tutakuja kukilalia, siku mbili tatu, likizo ijayo.

"Nyinyi watatu? Kitavunjika."

"Basi utakipigilia."

Alikohoa, au alicheka. Akarudi nyuma akamlipa dereva, akamwambia aende zake. Tulifika kituoni, kimefungwa kwa kuwa ni Jumamosi. Nikaligusa geti kwa mkono ili pasiwe na ubishi, tukageuka. Wakati wa kushuka alishika upande mmoja wa kishikio. Nilimwachia. Upande wa pili sikuuacha.

Nyumbani nililitoa begi nyuma ya mlango nikalifungua katikati ya sebule, wote wakiona. Suruali nne, fulana sita, soksi, kikombe chenye masikio mawili. Nilirudisha kila kitu kabatini, kimoja kimoja, bila haraka. Begi lilipobaki tupu nikalijaza nepi.

Mama mkwe aliuliza nalipeleka wapi sasa.

"Chini ya kigari," nikamjibu. "Nyuma ya mlango hapa kitakaa chenyewe."