Mwunga Mkono wa Josho la Kanyuko

Kwa miaka minne mfululizo, kila mkutano wa kamati ya josho la ng'ombe la Kanyuko ulipofika mahali pa kuthibitisha kumbukumbu, mwenyekiti Kihara alikunja karatasi, akatabasamu na kusema, "Na mama yetu ataunga mkono, kama kawaida." Wakonyo akainua mkono, wanaume wakapiga makofi. Alikuwa mwakilishi wa akina mama, mwanamke peke yake katika kamati ya watu tisa, na siku ya mkutano alifunga kile kitambaa chake cha kanisani. Kumbukumbu zilisomwa kwa Kiingereza, mbio mbio, na yeye hakuambulia kitu ndani yake isipokuwa jina lake lilipotajwa mwishoni. Mtu akikupa heshima kila mara bila wewe kuiomba, pekua mfuko wako uone kilichopungua. Lakini nani angemwambia?

Hakuna aliyemwambia. Ilibidi ajisomee mwenyewe.

Mwaka ule wa 1981 ulikuwa wa pili tangu ajiunge na ngumbaru. Ndilo jina la utani walilopewa watu wazima walioingia darasani mvi zikiwa zimeshachomoza. Mumewe, Theuri, alimcheka sana. "Ati unasomea nini, Mama Wacera? Unataka kuwa DO wa tarafa?" Wakonyo alimaliza kusoma Kikuyu, akamaliza Kiswahili, na sasa kila Jumanne na Alhamisi saa tisa alibana magoti yake katika dawati la watoto wa darasa la pili, akafundishwa Kiingereza na Mwalimu Magdaline Kaari, msichana mwembamba kutoka upande wa Chuka ambaye hakuwa na hata miaka ishirini na mitano.

Wakati huo nyumbani mambo yalikuwa yameharibika. Theuri alikuwa mhudumu wa josho kwa miaka kumi na mmoja. Kazi yake ilikuwa kuchanganya dawa ya kupe, kuhesabu ng'ombe wanaotumbukia kwenye mtaro kwa kuchora mistari ya mkaa ukutani, maana kusoma hakujua, na kuondoa majani na kinyesi majini kwa reki yake. Tangu Februari alilalamika kwamba dawa mpya haijaletwa. Alimwendea Kihara mara tatu. Kihara alimwambia itakuja. Theuri akawa anaongeza maji kwenye kile kidogo kilichobaki, wiki baada ya wiki, mpaka ikawa ni kuogesha ng'ombe tu. Mwezi wa Mei ndigana, homa inayoletwa na kupe, ikaingia. Ng'ombe thelathini na mmoja walikufa kwa wiki mbili, na Kagure, jirani yao wa ng'ambo ya kijito, alipoteza ng'ombe wake mmoja, wa pekee, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyokuwa chumvi na sabuni ya nyumba yake.

Juni barua ikaja. Theuri amefutwa kazi, katika kikao ambacho Wakonyo hakuitwa. Kulingana na kumbukumbu zilizothibitishwa, barua ilisema, mapipa manne ya dawa alikabidhiwa yeye mwezi wa Februari. Basi ikiwa hayapo, ameyauza. Mkutano mkuu ukishakubali, jina lake litapelekwa polisi. Watu wakaacha kumsalimu. Kagure alipita na mkebe wake mtupu bila kugeuza shingo, na hilo lilimchoma Wakonyo kuliko barua.

Sasa turudi darasani. Alhamisi moja Mwalimu Kaari aliandika ubaoni: *The goats ate the cabbages.* Mbuzi walikula kabeji. Chini yake akaandika: *The cabbages were eaten by the goats.*

"Ile kitu imefanyiwa inakuja mbele," akaeleza. "Halafu unaweka *was*, ama *were* zikiwa nyingi. Halafu kitendo inabadilika. *Eat* inakuwa *eaten*, *take* inakuwa *taken*. Mwenye kufanya anaenda nyuma kabisa, anashikwa na *by*." Akachukua kifutio, akafuta mbuzi. "Na mkitaka, huyu mnaweza kumtoa. *The cabbages were eaten.* Sentensi bado ni nzima."

Wakonyo aliinua mkono. "Sasa mbuzi wameenda wapi, mwalimu?"

Darasa likacheka. "Hatuwataji kama hatuwajui," alisema Mwalimu Kaari. "Ama kama si muhimu."

"Si muhimu kwa nani? Kwa mwenye kabeji ni muhimu sana!"

"Lakini, mama, hata Kiswahili tunasema kabeji zimeliwa."

"Tunasema. Na mtu akiniambia hivyo kwangu nyumbani, namuuliza hapo hapo, zimeliwa na nani? Karatasi nitaiuliza aje?"

Mwalimu alianza kucheka, kisha akaacha, kwa sababu Wakonyo hakuwa anatania. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha mlango wazi. Alikuwa amekumbuka rafu ya vikombe.

Kila mwanakamati alipewa nakala ya kumbukumbu, na Wakonyo, kwa kuwa zilikuwa karatasi nzuri, alizitandika chini ya vikombe vyake. Jumanne iliyofuata alikuja darasani na zile za Februari, zina duara za chai kila upande. Wengine walipoondoka, yeye na mwalimu wakakaa dawati moja wakasoma.

*Four drums were received.* Mapipa manne yalipokelewa. Kidole cha Wakonyo kilitembea mpaka mwisho wa sentensi kikitafuta *by*. Hakuna. *The drums were handed over to the attendant.* Mapipa yalikabidhiwa mhudumu. Kidole kikatembea tena. Hakuna. *The attendant was warned to use them well.* Mhudumu alionywa. Na nani? Hakuna. Kurasa mbili nzima za mambo yaliyojitenda yenyewe! Mapipa yalijipokea, yakajikabidhi, onyo likajitoa kinywani mwa hewa. Mpaka chini kabisa, mstari wa mwisho, ndipo walipotokea binadamu: *Proposed by P. Mutahi. Seconded by Wakonyo Theuri.*

Mutahi alikuwa shemeji ya mwenyekiti. Na Wakonyo alikuwa Wakonyo.

Aliyetoa pendekezo, na aliyeunga mkono. Basi. Yule aliyeandika alijua kabisa kuandika jina la mtu anapotaka. Alitafuta majina mawili tu, na moja likawa la mwanamke asiyejua Kiingereza, mke wa mtu wanayetaka kumwangamiza.

"Pole, mama," alisema Mwalimu Kaari. "Ulikuwa hujui."

"Nilijua kuinua mkono," alisema Wakonyo.

Alimkuta Theuri akifunga waya wa ua. Hakuzunguka. "Baba Wacera, yale mapipa wanasema ulipewa, mimi ndiye niliyeunga mkono. Jina langu liko pale chini. Niliinua mkono bila kujua ni nini, na kila mtu akapiga makofi."

Theuri alitia koleo mfukoni. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Alichukua reki yake akaenda kule kwenye josho lisilokuwa lake tena, akaanza kuondoa majani majini. Wakonyo alibaki uani akilia, na hayakuwa machozi ya huzuni. Alikuwa na hasira na Kihara, na hasira na kile kitambaa cha kanisani, na zaidi ya yote hasira na ule mkono wake wa kulia.

Mkutano mkuu ulifanyika Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa josho, mabenchi yameazimwa kanisani. Bwana mifugo alikuwa amekuja kutoka Nyeri kwa ajili ya vile vifo. Alikuwa Mkamba, kwa hiyo mazungumzo yalikuwa kwa Kiswahili. Karatasi, bila shaka, zilikuwa kwa Kiingereza. Theuri hakuruhusiwa kuingia. Alisimama nje ya ua, reki mkononi.

Katibu, kijana mmoja mtanashati aitwaye Jethro, alisoma kumbukumbu za Juni kwa ile mbio yake. Safari hii Wakonyo aliyakamata maneno yalivyopita. *Was found.* *Was dismissed.* *It was resolved.* Alipatikana, alifutwa, iliamuliwa. Mutahi akasimama, akapendekeza. Na sasa sikia ufidhuli: Kihara akakunja karatasi, akatabasamu.

"Na mama yetu ataunga mkono, kama kawaida. Hata yeye anajua haki ni haki."

Alitaka mke athibitishe kufungwa kwa mumewe, mbele ya kijiji kizima, na apigiwe makofi!

"Siungi," alisema Wakonyo.

Kihara alidhani hakusikia vizuri. "Mama Wacera, hii ni utaratibu tu. Ni ya kumaliza."

"Kama ni ya kumaliza, tafuta mwingine amalize. Na niko na maswali kwa katibu. Hii karatasi ya Februari inasema *four drums were received*. *By* nani?"

Watu wakageuka. Jethro aliangalia kalamu yake. "Hiyo ni Kiingereza ya ofisi, mama. Haiandikwi jina."

"Yangu iliandikwa."

Kuna mtu alianza kucheka, akanyamaza. Wakonyo aliinua ile karatasi yenye duara za chai ili kila mtu aione. "*Were handed over. By* nani? *Was warned. By* nani? Nimetafuta, sioni mtu. Watu wawili ndio wako hapa, Mutahi na mimi. Nyinyi wengine mlikuwa wapi? Kesho polisi akiuliza, atashika nani?"

Hapo mabenchi yakaanza kulia kwa watu kujisogeza. Bwana mifugo, aliyekuwa akiangalia saa yake, aliinua kichwa. "Mwenyekiti, bila mtu wa kuunga mkono hiyo ni karatasi tu. Tafuta mwingine, tuendelee."

Kihara akatafuta. Alimtazama huyu, akakuta anafunga kamba za viatu. Alimtazama yule, akakuta amepata kikohozi. Wanaume wale wale waliokuwa wakipiga makofi walikuwa wameona jina linabaki wapi, na hakuna aliyelitaka lake libaki pale. Mwishowe macho yake yakatua kwa Kagure, na ukamwona anapata nafuu. Mwanamke aliyefiwa na ng'ombe kwa sababu ya Theuri angekataaje?

"Kagure, wewe umeumia kuliko wote. Unga mkono."

Kagure alisimama polepole. "Mimi naweza kuunga. Huyo Theuri nimemchukia mpaka nikakosa usingizi." Akamtazama Wakonyo kwa mara ya kwanza tangu Mei. "Lakini kama jina yangu itakaa hapo, basi niseme kitu kwanza. Nikienda kuuza viazi Chaka, napita kwa boma ya mwenyekiti, pale anaweka ng'ombe ananunua huko Doldol. Ng'ombe zake ziko sawa, hakuna imekufa. Na ile mlango mpya ya zizi ni pipa zimepigwa nyundo zikanyooshwa. Iko na namba nyeupe, imepinduka kichwa chini. Arobaini na moja."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Josho la Kanyuko ndilo namba arobaini na moja. Imeandikwa ukutani kwa rangi, juu ya mistari ya mkaa ya Theuri.

"Nilifikiri Theuri ndiye alimuuzia," Kagure aliendelea. "Nikanyamaza, nikasema hao wawili wanajuana. Sasa nauliza. Kama aliuziwa, mbona anataka mwenye kumuuzia ashikwe?"

"Hizo ni pipa za zamani!" alisema Kihara.

"Namba kwenye mapipa tumeanza kupaka Januari hii," alisema bwana mifugo, naye hakuwa akiangalia saa tena. "Na dawa haitoki stoo yangu bila sahihi ya aliyeichukua. Kitabu kipo Nyeri. Jumatatu nitakifungua. Ama unaweza kutuambia leo."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Kihara ilikuwa imefika ukingoni mwa mtaro. Alifuta jasho. Alijaribu tabasamu lake, likakataa. "Watu wa Kanyuko," alisema, "pengine kuna makosa yalifanywa—"

"Na nani?" mkutano mzima ukajibu, wanaume kwa wanawake, hata wale wa viatu na kikohozi.

Kihara aliketi.

Jethro alivuta karatasi mpya. "Sasa niandike nini?" aliuliza, na cha ajabu ni kwamba hakumuuliza mwenyekiti.

Wakonyo alienda mpaka mezani. "Andika kwanza, *Wakonyo seconded a lie*."

"Mama, wewe si lazima..."

"Andika. Jina mbele."

Jethro akaandika kwamba Wakonyo aliunga mkono uongo. Ilikuwa sentensi ya maneno manne, na kwa Wakonyo ilikuwa nzito kuliko gunia la viazi, lakini aliisubiri mpaka nukta.

Lango la josho lililia. Theuri alikuwa amelifungua bila kuomba ruhusa ya mtu. Alipita katikati ya mabenchi na reki yake, akaja kusimama nyuma ya mkewe, akainama juu ya ile karatasi kama mtu anayesoma.

"Inasema nini?" aliuliza.

"Inasema ni mimi."

Theuri aliitikia kwa kichwa. Aliweka mkono wake begani mwa mkewe. "Na huu mstari mwingine, ulio mtupu?"

Wakonyo alimtazama Jethro. Kila mtu alimtazama Jethro. Kijana aliangalia benchi la mbele alipoketi Kihara, akaangalia chini, kisha akaanza mstari wa pili kwa K kubwa.