Kahawa Yenye Udongo

Chungu kilipasuka asubuhi, na aliyekipasua alikuwa Obdulia, ambaye hakuwa ameshika moto wa kuni tangu aolewe mjini Puebla na kuanza kupikia jiko la gesi. Alikikuta kimesahauliwa juu ya mafiga, kikavu, moto unakilamba kutoka chini, naye kwa wema wake wote akakimiminia jagi zima la maji baridi. Kililia mara moja tu, kama mtu aliyekanyagwa kidole, kikafunguka kuanzia mdomoni hadi kitakoni.

Mama yake, Eduviges, alikuwa chumba cha pili akimgeuza mumewe ubavu. Aliusikia ule mlio na hakuhitaji kuuliza.

"Nini hicho?" aliuliza mumewe, Crisóforo. Sauti yake siku hizo ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Binti yako anapika."

"Basi nitakufa kwa njaa," alisema. "Na mimi nilishajipangia kufa kwa ini."

Ini ndilo lililomrudisha nyumbani. Daktari alikuwa amezungukazunguka na maneno mpaka Eduviges akamwonea huruma, halafu akasema mpelekeni nyumbani, mpeni chochote anachotaka. Tabu ni kwamba Crisóforo hakutaka chochote. Supu ya kuku aliikataa, uji wa mahindi akaukataa, ndizi akaitazama kama mtu anayemdai. Ni asubuhi hiyo tu, jua likichomoza nyuma ya migomba, alipofumbua macho na kusema kwamba anatamani kahawa. Kahawa ya chunguni. Jana yake Obdulia alikuwa amemjaribia ya kwenye sufuria, naye akainusa, akarudisha kikombe na kusema, "Ifikishieni sufuria salamu zangu."

Kwa hiyo Eduviges alikiweka chungu motoni, akaitwa chumbani, akasahau. Mengine mmeshayasikia.

Chungu kile kilikuwa cha mama mkwe wake. Hakikuwahi kuguswa na sabuni, kwa sababu udongo huinywa sabuni na kuwatemea wageni. Hakikuwahi kuonja maharage. Kazi yake ilikuwa kahawa, asubuhi na jioni, kwenye ubatizo na kwenye matanga, mpaka tumbo lake likawa jeusi na laini, na watu walikuwa wakisema kwamba Eduviges akichemsha maji matupu mle ndani, bado utaamka.

Obdulia alikuwa amechuchumaa na vipande viwili mapajani, akilia kimyakimya kama mtoto anayeogopa kusikika.

"Weka hivyo vitu chini," mama yake alimwambia. "Utalia baadaye, nafasi itakuwepo. Kakae na baba yako."

Akatupa mtandio mabegani, akashuka njia ya mtoni kwenda kwa Doña Tiburcia, mfinyanzi, mjane mwenye mikono kama mizizi na ulimi kama kisu cha kumenyea. Alimkuta anapanga vyungu kivulini.

"Leo umekuja bila kufunga viatu vizuri," Tiburcia alisema. "Ama umekimbiwa na kuku, ama umekimbiwa na mume."

"Mume bado yupo. Nataka chungu cha kahawa, shoga. Kile kimepasuka."

Tiburcia aliacha mzaha. Akainama, akachagua kimoja chenye mkono mmoja na tumbo la mviringo, akakigonga kwa kucha na kukisikiliza. "Hiki kizuri. Lakini kimetoka tanuruni juzi, bado kichanga. Kijaze maji ya chokaa, kichemke polepole mpaka jioni, halafu kiache kipoe chenyewe usiku kucha. Usikiharakishe."

"Mpaka kesho?"

"Mpaka kesho. Ukikifupishia muda, udongo utaingia kwenye kahawa, atakunywa mto mzima na tope lake."

"Tiburcia, yule mtu hana kesho nyingi."

Mfinyanzi akamfungia chungu kwenye kitambaa, na alipomkabidhi alikishikilia kidogo kabla ya kukiachia.

Mchana ule Eduviges alikaa kwenye kizingiti kati ya jiko na chumba, jicho moja kwenye chungu, jingine kitandani. Maji ya chokaa yalikuwa yanachemka polepole, meupe kama maziwa yaliyoharibika. Alichochea moto kwa kijiti, si kwa kupuliza, ili usipate kiburi. Kila kitu alikifanya kama alivyoambiwa. Angeweza kukifanya hivyo mpaka usiku, na kesho yake mumewe angepata kahawa ya haki, ile aliyoitamani, na ndiyo ingekuwa kitu cha mwisho kuonja duniani. Hilo tu ndilo alilomwomba Mungu. Uponyaji alishaacha kuuomba. Aliona Mungu anaanza kukereka.

"Bibi," Crisóforo aliita. "Kahawa imefika wapi?"

"Inakuja."

"Inakuja kwa miguu kutoka Veracruz?"

"Inapanda mlima. Nyamaza upumzike."

Baadaye kidogo ndipo Eduviges akaisikia ile pumzi. Ilivutwa ndani, ikakaa huko muda mrefu kama mgeni asiyejua kuaga, ndipo ikatoka. Aliwahi kuisikia kwa mama yake, na kwa mama mkwe wake, kwenye kitanda hicho hicho. Akasimama. Alitazama chungu, akatazama dirisha, jua bado lilikuwa juu ya paa la jirani. Kuna wakati mtu anapiga moyo konde, na kuna wakati moyo wenyewe ndio unampiga yeye.

Akamwaga maji ya chokaa uani.

Alikisuuza chungu, akakitia maji safi yaliyochemka tayari, akarudisha motoni. Akatia kijiti cha mdalasini, karafuu chache, ganda la chungwa, na bonge la sukari guru alilolivunja kwa kisigino cha kisu. Vilipochemka nyumba nzima ikanukia kama siku za zamani, na harufu hiyo ilimdanganya. Alidhani labda udongo utamhurumia. Akaepua, akatia kahawa iliyosagwa nzito, kahawa ya miti yao wenyewe, akafunika. Mwisho alichovya vidole kwenye maji baridi na kunyunyizia juu ili chenga zizame.

"Umeona?" alimwambia Obdulia. "Vidole. Siyo jagi."

Obdulia alicheka huku kamasi zikimtoka.

Eduviges alionja, kama kila mpishi. Ilikuwa kama kulamba ukuta baada ya mvua ya kwanza. Aliongeza sukari guru, akaonja tena. Sasa ilikuwa tope tamu. Akaimimina kwenye kikombe cha bati la bluu, kikombe cha mumewe chenye pengo la rangi ukingoni. Akaingia nacho chumbani.

Obdulia alimwinua baba yake kichwa. Crisóforo alipiga funda dogo, akalishika mdomoni, akafumba macho. Wanawake wale wawili walingoja.

"Eduviges."

"Naam."

"Hii ina udongo."

"Chungu ni kipya, mzee. Kile cha mama kimepasuka. Nilitakiwa kusubiri mpaka kesho, nikaogopa."

Alimtazama mkewe kwa muda, macho yake ya manjano yakiwa na kitu kama utundu ndani yake. "Aliyekipasua ni huyu wa gesi?"

"Ni mimi, baba," alisema Obdulia.

"Mama yangu atanisimanga milele huko," alisema. "Nitamwambia ni paka." Akavuta ile pumzi ndefu, ikachelewa, ikarudi. "Nipe nyingine."

"Usijilazimishe."

"Sijilazimishi, najizoesha. Afadhali nianze kuonja udongo mapema. Huko niendako sidhani wanatia mdalasini."

Eduviges alimchapa begani kwa kitambaa cha jikoni, kidogo tu, kama alivyokuwa akimchapa maisha yao yote. Akacheka. Kicheko kilimkatikia katikati, na nusu iliyobaki haikuwa kicheko.

Crisóforo alifika nusu ya kikombe. Kabla kengele ya kanisa haijapigwa jioni ile alikuwa ameondoka, masharubu yake yakiwa bado yananukia karafuu.

Wakamzika. Kwa siku tisa watu walikuja kila alasiri kusali rozari mbele ya msalaba wa chokaa uliochorwa sakafuni pale jeneza lilipokaa, na kila alasiri walipewa mkate mtamu na kahawa iliyopikwa kwenye chungu kile kipya. Wanawake wa kijiji walichukua jiko na kumkalisha Eduviges kwenye kiti kama sanamu. Aliwaachia kila kitu isipokuwa kikombe cha bluu. Hicho alikichukua kabla hakijafika kwenye beseni la kuoshea, pamoja na kile kilichobaki ndani yake, akakificha nyuma ya picha ya Bikira.

Watu walimwambia maneno mazuri. Kwamba alimtunza vizuri. Kwamba mzee alikwenda akicheka. Aliitikia, na moyoni alikuwa anatafuna jambo moja: mtu aliniomba kitu kimoja, nikampa tope. Kahawa yenyewe hakuigusa tena. Kikombe kikimfikia, alimpa aliyeketi kando.

Siku ya tisa waliuzoa ule msalaba wa chokaa kwa ufagio mpya, wakautia kwenye mfuko wa kupeleka kaburini. Watu walipopungua, Tiburcia alikuja na kikombe, akakiweka mbele yake.

"Onja."

"Sitaki."

"Mimi ndiye niliyekifinyanga hicho chungu, nina haki ya kujua. Onja."

Eduviges alionja ili aachwe. Halafu akaonja tena. Ulimi wake ulitafuta ule udongo pembe zote za kinywa na haukuuona. Kahawa ile ilikuwa nzito na laini, mdalasini mbele, chungwa nyuma, vilevile kama ya mama mkwe wake. Siku tisa za matanga ndizo zilizokikomaza chungu. Wanakijiji ndio waliokuwa wakiinywa kahawa ya haki aliyoitamani mumewe.

Hapo ndipo alipolia. Makaburini hakulia hivyo, wala jeneza lilipofungwa. Alilia mpaka Obdulia akaja mbio kutoka uani akiwa na ufagio mkononi.

"Sasa unalilia nini," Tiburcia alimuuliza polepole, akimfuta uso kwa pindo la nguo yake mwenyewe, "kahawa au mume?"

"Niache nilie vyote viwili, shoga. Wewe kalie vyungu vyako."

Alipomaliza, aliinuka na kwenda kwenye picha ya Bikira. Akatoa kikombe cha bluu. Kahawa ya Crisóforo ilikuwa imekauka, imebaki gome la rangi ya kutu chini.

"Mama, hicho hakijaoshwa," Obdulia alisema.

"Najua."

Akamimina kahawa nzuri juu yake, akakoroga kwa kijiko mpaka lile gome likaachia. Akapiga funda, akalishika mdomoni, akafumba macho.

"Bado ina udongo," alisema.

Tiburcia alifungua kinywa kukitetea chungu chake. Kisha akaona ni kikombe cha nani, akafumba kinywa. Eduviges aliketi kwenye kizingiti na kuinywa yote, taratibu, mpaka chenga zikamkwaruza meno.