Nilimpima Fundi Bomba

Kuna kijana niliyemkataa kwa sababu fundi bomba aliyekuwa jikoni kwao alikuwa mfupi. Nalisema mapema ili usije ukaanza kuniheshimu katikati ya hadithi, halafu ukaumia.

Kazi yangu ni kutafuta wachezaji wa mpira wetu wa Australia, ule wenye umbo la yai, kwa ajili ya klabu moja kubwa ya Melbourne. Miaka thelathini nimezunguka viwanja vya mashambani na kamba ya kupimia na daftari. Kijana wa miaka kumi na saba hapimwi peke yake. Unakwenda kwao, unakunywa chai, unatazama kimo cha mama na kiatu cha baba, ndipo unakisia mtoto atafika wapi. Mfugaji wa ng'ombe hufanya vivyo hivyo, ila yeye huwa na uhakika dume ni yupi.

Miaka sita iliyopita nilifika kwa akina Habermann, wakulima wa ngano huko Wimmera, nje kidogo ya mji wa Kurnbrook. Nilikuwa nimemwona kijana wao Royce akicheza asubuhi ile. Alikuwa na sentimita mia moja na sabini, tena kamba ikiwa imemhurumia. Mama yake, Noelene, alikuwa uani anaanika nguo, naye ni mfupi. Jikoni nikamkuta bwana mmoja amevaa soksi, amechutama mbele ya sinki. Nikampa mkono, akasimama. Alinifikia begani.

"Na wewe uliacha kukua lini?" nikamuuliza.

"Mimi? Nikiwa na miaka kumi na minne," akajibu, akarudi kwenye bomba lake.

Mtu mwenye akili angeuliza jina. Mimi niliandika: baba mfupi, hakuna la kusubiri. Nikiwa mlangoni nikampiga kijana begani, nikamwambia kwa wema wote niliokuwa nao, "Umewahi kufikiria kuwa refa?" Kwetu kumwambia kijana hivyo ni sawa na kumwambia mwimbaji akakate tiketi mlangoni.

Mwaka huu, mwezi wa Mei, warukaji wetu wote wawili waliumia magoti ndani ya wiki moja. Mrukaji ni yule mrefu anayepanda juu refa anapoudunda mpira katikati ya uwanja, ili awagawie wenzake wadogo. Bila yeye hao wadogo wanakimbia bure. Bosi wangu, Bronte Maniatis, ambaye ni rika la binti yangu, aliniita ofisini.

"Clem, nitafutie mtu mzima. Wale waliochelewa kukua, tuliowapita."

"Hao ndio fani yangu."

"Najua. Wengi wao uliwapita wewe." Kisha akasema, bila mzaha, kwamba mkataba wangu unaisha Septemba na kwamba sitapewa mwingine nikirudi mikono mitupu.

Uchaguzi wa wachezaji wapya wa katikati ya msimu ulikuwa Jumatano. Anayetaka kuchaguliwa lazima aweke jina lake mwenyewe kabla ya Jumatatu saa kumi jioni. Halafu klabu zinachagua kwa zamu, ya mkiani ikitangulia. Sisi tulikuwa wa sita.

Basi Jumamosi nikawa Kurnbrook kwenye mvua, maana nilikuwa nimesikia habari za mrukaji wa miaka ishirini na mitatu anayeitwa Habermann. Nilidhani ni binamu yake Royce.

Magari yalikuwa yameuzunguka uwanja, tayari kupiga honi kila bao likiingia, na honi hazikuwa nyingi. Mpira uliteleza kama sabuni. Mrefu yule alidaka mara mbili tu mechi nzima. Lakini kila aliporuka, kabla hajaugusa mpira alikuwa ameshajua mwenzake yuko wapi, na mkono wake uliupeleka pale pale bila kutazama tena. Ndipo nikajua si binamu. Nilikuwa nimeliona jambo hilo miaka sita nyuma, kwa kijana mfupi, na nikalinyamazia. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu alikuwa na sentimita mia moja tisini na saba.

Karibu nami alisimama Trev Gavenlock, mtafutaji wa klabu nyingine, ya pili kwenye zamu, nao walikuwa wanalilia mrukaji kama sisi. Alikuja kumtazama mrefu wa timu ya wageni.

"Huyu wa Kurnbrook unamwonaje?" akaniuliza.

"Mikono ya mbao."

Ndivyo tunavyofanya kazi. Ukimpenda mchezaji humsifu mbele ya mtu, hata mbele yake mwenyewe, maana sifa ikikutoka mdomoni mwenzako anaidaka. Nimeuzoea mtindo huo kiasi kwamba mke wangu wa kwanza, siku anaondoka, aliniambia nilimpenda kwa siri mno.

Baada ya mechi tuliingia ukumbi wa klabu. Noelene alikuwa kantini anagawa pai za nyama. Aliponiona, koleo la kushikia pai likasimama hewani.

"Wewe si ndiye uliyempima Ossie?"

"Ossie nani?"

"Fundi bomba. Alikuja siku ile kuzibua sinki. Alitusimulia kwamba mtu wa Melbourne amemuuliza aliacha kukua lini. Tulicheka mpaka mbwa akatoka nje." Akanyoosha koleo mlangoni. "Baba yake Royce ni yule pale."

Bwana aliyekuwa anaingia ilibidi ainamishe kichwa. Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka nao, maana ukichekwa na wengi heri uwe upande wao.

Royce hakucheka. Alikuwa amekaa benchini, barafu gotini.

"Safari hii umeniletea nini, mzee? Filimbi?"

Nikainama, nikamwambia taratibu aweke jina lake kabla ya Jumatatu jioni.

"Mbona unanong'ona?"

"Kazi yetu ndivyo ilivyo."

"Basi sikiliza. Ulipoondoka siku ile niliacha mpira miaka miwili. Nilijua umeniona sijui kucheza. Nimerefuka juu ya trekta, hakuna aliyekuja kunitazama. Na Ossie alisikia ulichoniambia, kwa hiyo hapa jina langu ni Refa. Muulize yeyote."

"Kweli, Refa," mtu mmoja akadakia kutoka kaunta, kisha akatazama bia yake.

"Siku ile, kabla hujatoa kamba, uliona nini uwanjani?"

Nilitazama pembeni. Gavenlock alikuwa hatua nne tu, anajimiminia chai, sikio limeelekea kwetu.

"Nitakwambia nje."

"Hapana. La urefa mji mzima umelisikia, na hili walisikie. Ukisema, Jumatatu naweka jina. Usiposema, Jumatatu nina ngano ya kupanda."

Nilipiga hesabu. Nikinyamaza, simpati. Nikisema, Gavenlock anampata. Zote mbili zilinitoa mikono mitupu, ila katika moja yeye anacheza. Naona aibu kukiri kwamba bado nilihitaji muda wa kuchagua.

"Niliona kijana anayejua mpira utakwenda wapi kabla ya watu wote," nikasema, kama mtu asiye na mazoezi ya kusifu. "Katika miaka thelathini nimewaona watatu, labda wanne. Nilikupenda. Kisha nikapima, nikaiamini kamba kuliko macho yangu. Kosa halikuwa lako hata kidogo. Na leo nimekiona kitu kile kile, kwenye mvua. Wewe ni mrukaji bora niliyemwona mwaka huu."

Noelene alianza kufuta kaunta iliyokuwa safi. Mumewe alimwekea mkono begani. Royce akaisogeza barafu gotini.

"Miaka sita, mzee," akasema. "Na kulisema kumekuchukua dakika moja."

Gavenlock aliacha chai yake na kutoka nje, simu mkononi.

Jumatatu saa tatu asubuhi Royce aliweka jina. Jumatano, katika zamu ya pili, klabu ya Gavenlock ilimchagua. Zamu yetu ilipofika tulimchukua yule mrefu wa wageni, ambaye mikono yake ni ya mbao kweli.

Bronte alinipigia kabla sijafika nyumbani.

"Hakuna klabu nyingine iliyokuwa na habari za Habermann. Nani alimwambia Gavenlock?"

"Mimi."

Nilisikia kalamu yake inagongagonga meza.

"Ulikuwa umelewa?"

"Hapana," nikasema. "Kijana mwenyewe aliniuliza."