Ugonjwa Usiokuwepo Ukutani

Nilipoajiriwa kutunza kumbukumbu katika zahanati yetu hapa Kakuma, sikuwa na digrii, sikuwa na kompyuta, wala sikuwa na jamaa hata mmoja aliyewahi kulipwa mshahara kwa kushika kalamu. Cheti cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na miaka arobaini na moja, kwa masomo ya jioni mjini Lodwar, baada ya kushinda nikibeba magunia sokoni. Kulikuwa na kitu kingine pia ambacho sikuwa nacho, na sikujua kwamba ninakihitaji: kitabu kizima cha magonjwa.

Kazi yangu ni hii. Muuguzi huandika ugonjwa kwa maneno, nami huupa alama yake, herufi na tarakimu, ili uhesabike pamoja na magonjwa ya dunia nzima. Malaria ni B54. Kuumwa na nge ni T63.2. Alama hizo nilizisoma kwenye karatasi moja iliyobandikwa ukutani, yenye magonjwa thelathini, ambayo tuliachiwa na watu wa kampeni ya ukoma miaka mingi iliyopita. Ugonjwa ukikosekana ukutani, tulichukua jirani yake wa karibu. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha makarani watatu walionifuata.

Jumatatu moja aliingia Sylviane, fundi cherehani, mkimbizi kutoka Kongo anayeishi Kalobeyei. Mikono yake na pembe za mdomo zina mabaka meupe kama maziwa. Alikuwa amepata kazi ya kufundisha ushonaji katika shule ya bweni ya wasichana huko Lodwar. Kibali chake cha kusafiri kilikuwa tayari. Shule ilitaka ripoti ya afya tu, na ripoti hiyo ilitoka kwetu.

"Papa Adome, nisomee," alisema, akaweka nakala ya ripoti mezani. "Mwalimu mkuu amenipigia simu. Anasema hawezi kunipokea, na hataki kutaja sababu."

Nilivaa miwani. A30.9. Pembeni kulikuwa na herufi za jina langu. Muuguzi alikuwa ameandika "mabaka meupe ya ngozi" tu, basi. Mengine niliyaongeza mimi.

"Ukoma," nilisema.

Alicheka kwanza. "Ukoma? Mie? Papa, mie ni fundi! Sindano inanichoma hapa kwenye nyeupe, napiga kelele mpaka majirani wanatoka nje. Mwenye ukoma analia hivyo?"

Kisha kicheko kikakatika. "Amesema atangoja mpaka Ijumaa, kwa barua yenye muhuri na sahihi, hataki picha ya simu. Baada ya hapo anamchukua mwingine. Mie nimeomba kazi miaka sita, Papa. Sita."

Nilitafuta neno la kumpoza. "Kwetu Waturkana, fahali mwenye mabaka ndiye anayeimbiwa nyimbo."

"Mie si ng'ombe. Andika karatasi ingine."

Sikuweza kuandika nyingine bila mtaalamu kumwona. Nathan, mtaalamu wa ngozi, hufika kutoka Lodwar Jumatano ya pili ya kila mwezi, na kwa bahati ilikuwa wiki yake. Nilimwambia Sylviane arudi siku hiyo. Alipoondoka nikamwendea Justin, msimamizi wetu, nikaomba ufunguo wa kabati lake. Nilijua kwamba ndani yake mlikuwa na vitabu vinene vitatu vya Shirika la Afya Duniani, bado vimo ndani ya plastiki.

"Utavisoma vyote, mzee?" Justin aliuliza, akitabasamu.

"Nitaanza na kimoja."

Kwa siku mbili sikula chakula cha mchana. Nilisoma. Sijui nieleze vipi nilichokiona. Nilidhani ningekuta orodha ndefu kidogo kuliko ile ya ukutani, nikakuta mji. Kila maumivu ya binadamu yalikuwa na mtaa wake na nyumba yake, na nyumba ina vyumba. Kulikuwa na alama ya mtu aliyeanguka kutoka mtini, na ya aliyeanguka kitandani. Kulikuwa na alama ya kuumwa na mamba, W58. Hapo niliweka kidole. Binamu yangu alichukuliwa na mamba pale ziwani Lowarengak, na siku zote niliamini kwamba hakuna anayejua isipokuwa sisi na ziwa. Kumbe kuna mtu, katika chumba cha mbali, aliyekaa akawaza kwamba jambo hili humpata binadamu, na kwamba lazima liwe na mahali pa kuandikwa.

Kisha nikafika kwenye herufi L, ambayo ni mtaa wa ngozi. Magonjwa mengi humo yana nukta na tarakimu za kuyagawa. L80 haina. Imesimama peke yake: vitiligo, ambayo Waswahili huiita mbalanga. Rangi huondoka kwenye ngozi, na haimwambukizi mtu. Nilifikiria watu wa mataifa yote, wenye mabaka kama ya Sylviane, kila mmoja akijiona peke yake kijijini kwake, kumbe wote wana mahali pamoja pa kuandikwa. Nilisoma ule mstari mmoja mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma mstari wowote.

Jumatano Nathan alifika, vumbi hadi kwenye nyusi. Alimwambia Sylviane afumbe macho na kuonyesha kwa kidole kila atakapoguswa. Alichukua uzi wa pamba, mwepesi kama unyoya, akaugusisha kwenye baka la kifundo cha mkono.

"Hapa," alisema Sylviane.

Nathan akagusa kando ya mdomo.

"Hapa."

Akapeleka pamba karibu na kidole gumba, akasita bila kugusa.

"Daktari, bado hujanigusa. Usinicheze."

Nathan alicheka. "Neva zake nzima kabisa, Mzee Adome. Ukoma hula hisia. Huyu anahisi kuliko mimi. Sasa tutafute chumba chenye giza."

Ilikuwa saa sita mchana, na Kakuma haina giza saa hiyo. Tuliingia kwenye stoo ya dawa, nikaziba dirisha kwa blanketi mbili. Nathan akawasha kijitaa cha mwanga wa zambarau na kukiinua juu ya mikono ile.

Mabaka yakawaka. Sina neno jingine. Ngozi nyingine yote ilizama gizani, na yale mabaka yakang'aa kwa weupe wenye ubuluu, yenye kingo safi kama visiwa vilivyochorwa. Sylviane aligeuza mikono polepole, juu, chini, akatanua vidole. Nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

"Mama yangu alikuwa anayafunika kwa majivu," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Hakuwahi kuyaona hivi."

"Ukoma hauwaki namna hii," alisema Nathan. "Ni L80. Nitaweka sahihi yangu."

Alhamisi asubuhi nilikaa kuandika barua. Justin alisimama nyuma yangu, akasoma mstari wa kwanza.

"Mzee, kwa nini ujitaje? Andika kulikuwa na hitilafu ya mfumo wa kompyuta. Kila mtu anaelewa."

Sitaficha: nilitamani kukubali. Miaka ishirini na miwili sikuwahi kuandikiwa onyo. Vijana huniita mwalimu.

"Mwalimu mkuu akisikia mashine ilikosea," nilisema, "atajiuliza ilikosea lini, mara ya kwanza au hii ya pili. Mashine haiwezi kumjibu. Mimi ninaweza."

Justin alikuna kidevu. "Haya. Lakini makao makuu wakiuliza..."

"Waniulize mimi."

Niliandika kwamba mimi, Adome, nilimpa Sylviane alama ya ugonjwa asio nao, bila kufungua kitabu. Niliandika jinsi pamba ilivyogusa na jinsi alivyojibu, na jinsi mikono yake ilivyowaka mbele ya macho yangu. Niliandika kwamba mbalanga haiambukizi, na kwamba wasichana wa shule hiyo watajifunza kutoka kwa mikono hiyo bila hofu yoyote. Nilitia namba yangu ya simu. Nathan alitia sahihi kabla ya kuondoka kwenda Kaikor, nami nikagonga muhuri.

Sylviane alikuwa amekaa kwenye benchi tangu saa moja. Nilimsomea barua yote, neno kwa neno.

"Umejiandika jina lako, Papa," alisema.

"Nimejiandika."

Alitazama chini, kisha akachukua bahasha na kunishikia ikae wazi. Niliitia barua ndani. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka kwa joto, kwa hiyo nilipaka nyingine kwa kidole, nikaukandamiza ukingo kwa kiganja hadi ukashika. Tulienda pamoja barabarani, ambako gari la vifurushi la Lodwar lilikuwa likipakia. Dereva aliandika jina la shule kwenye daftari lake, akaiweka bahasha katika mkoba wa ngozi pamoja na nyingine, na kufunga zipu.

"Itafika leo?" Sylviane alimuuliza.

"Saa kumi hivi, mama, barabara ikikubali," alisema, akawasha gari.