Shati la Koplo

Dobi alikuwa hajaloweka hata nguo moja polisi walipopiga teke mlango. Chumba chenyewe kimoja: kitanda, beseni, na mtoto mchanga amelala juu ya rundo la nguo za watu.

"Hapa pananuka bangi," koplo alisema. Hata salamu hakutoa.

Walipekua. Wakachana godoro, wakamwaga unga, wakapindua beseni. Konstebo akafuta jasho. "Afande, hamna kitu."

"Hamna nini? Wewe huna pua?"

Dobi alinyoosha kidole kwenye mfuko uliokuwa mlangoni, sare za kituo alizoletewa asubuhi ile afue, kama kila wiki. "Harufu imekuja na mfuko wenu, afande. Nusa mwenyewe."

Konstebo aliinama, akainuka upesi, akatazama ukuta.

"Kwa hiyo serikali ndiyo inavuta bangi?" Koplo alicheka. "Mdomo uliponza kichwa, mama. Pua hii imefunga wengi, na hakimu hajawahi kuikatalia."

Wakamchukua, yeye na mfuko. Mtoto akabaki mikononi mwa jirani.

Kufika mchana maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi yake. Akiwa mahabusu alimsikia mwanawe akilia nje ya geti la kituo, na jirani akibembeleza weee. Koplo akaja mahabusu na ule mfuko.

"Kazi ya watu haiachwi njiani, dobi. Fua, ndipo unyonyeshe."

Wakamkalisha kwenye bomba la uani. Shati la koplo lilikuwa la juu kabisa. Lilinuka harufu ile ile, kwapani, kwenye kola, kila mahali. Alilishika likiwa bado kavu. Laiti hakimu angelinusa. Lakini nani wa kulifikisha?

"Kaka," alimwita konstebo aliyekuwa akimlinda. "Wewe ulinusa."

Konstebo alitazama viatu vyake. "Mimi nina mafua, dada."

Mtoto alilia tena. Sauti ilikuwa imemkauka.

Dobi akalitumbukiza shati majini.

"Usibanie sabuni," koplo alisema kutoka kivulini. "Kesho nalivaa mahakamani, natoa ushahidi."

Alilisugua, kwapa kwanza, halafu kola, kama alivyofundishwa na mama yake. Akalisuuza, akalikamua. Kisha, kwa mazoea tu, akalinusa kabla ya kulianika.

Lilinuka sabuni.