Dola ya Bi Nawar

Wanasema hasidi hana sababu. Mimi ninazo, tena nyingi, na zote zinaanza na Thabit.

Thabit ni mtoto wa ami yangu. Ana duka la viyoyozi huko Sib, na sarafu kwake ni kitu cha kununulia mkate. Mimi nimekusanya dola za fedha za Marekani kwa miaka ishirini na mbili. Asubuhi niko wizarani Al Khuwair, jioni niko mezani na kioo changu cha kukuzia, na mke wangu husema laiti ningemtazama yeye hivyo, tungekuwa na ndoa ya kupigiwa mfano.

Bibi yetu, Bi Nawar, alipofariki, kisanduku alichotoka nacho Unguja kilifunguliwa mbele ya wajukuu. Chini ya bangili palikuwa na dola ya mwaka 1878, katika zile Wamarekani walizozipiga kwa ajili ya biashara ya Mashariki. Mwanamke ameketi juu ya marobota, ameielekea bahari. Upande wa pili yuko tai, na chini yake herufi mbili, CC, alama ya kiwanda kilichoitengeneza. Za mwaka huo zenye herufi hizo ni chache mno. Nilikuwa nimeitafuta miaka kumi na moja, nikaiona vitabuni tu, kumbe ilikuwa chumbani kwa bibi yangu, nilikokuwa nikinywa kahawa kila Ijumaa.

Bibi alikuwa ameshasema mbele ya mashangazi wawili kwamba hiyo ni ya Thabit, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimkanda miguu. Niliumwa. Sisemi nilihuzunika, niliumwa, hapa chini ya mbavu. Mimi pia ningemkanda, lau angeniomba.

Nilimwambia Thabit nitampa nane katika dola zangu kwa hiyo moja. Akacheka kwa upole.

"Badr, ndugu yangu, hichi kitu cha Bibi. Sikitoi. Lakini njoo ukitizame siku yoyote utakayo, nyumba yako hii."

Basi nikawa naenda kila wiki, kama mtu anayekwenda kulibonyeza jipu lake. Alikuwa ameiweka katika kabati la vioo, baina ya chetezo na kikombe alichoshinda mwanawe katika mpira. Penye miti hapana wajenzi. Sarafu yenyewe ilikuwa imeota utando wa kijivu uliokolea buluu pembeni, kazi ya miaka mia na arobaini. Kwetu sisi wakusanyaji utando huo ndio roho ya sarafu. Ukiusugua umeiua, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Siku tatu kabla ya Idi nilifika, Thabit hayupo. Mkewe, Jawaher, alikuwa ametandika gazeti sebuleni, anasugua fedha ya nyumba kwa ndimu na chumvi. Ndiyo ada yetu. Khanjar za kiunoni, mirashi, vyetezo, vyote lazima ving'are, la sivyo wageni wa Idi watauliza kama mmefiwa.

"Shemegi, umekuja wakati wake," akasema. "Hii dola ya Bibi niisugue na yenyewe? Thabit kaniambia nisiiguse mpaka nikuulize wewe."

Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Jawabu nilikuwa nalo mdomoni.

"Fedha ni fedha, shemegi," nikasema. "Sugua."

Nikasimama pale nikatazama mpaka buluu yote ikahamia kwenye kitambaa. Nilifurahi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Furaha yenyewe ilinifikisha Khuwair ya Kusini, ninakokaa, kisha ikaniacha.

Siku ya pili ya Idi majlisi ya Thabit ilijaa watu. Alikuwapo pia Aflah, mkusanyaji mwenzangu, ambaye Thabit alimwalika kwa kuwa ni rafiki yangu. Thabit alikuwa akiitembeza dola mkononi, uso wake umejaa bashasha.

"Mtizameni Bibi anavyong'ara," alisema.

Aflah aliishika kwa ukingo, kama tunavyoshika sisi, akaigeuza penye mwanga.

"Nani kaisugua?"

"Jawaher. Lakini kwa ruhusa ya mtaalamu," akasema Thabit, akanipiga begani. "Wallahi, mie simruhusu mtu kuigusa mpaka Badr aseme."

Aflah alinitazama. Huyu aliwahi kuniona sokoni Matrah nikigombana na muuza sarafu, eti kwa nini ameifuta dola kwa mkono wa kanzu. Alimrudishia Thabit dola yake.

"Inshallah mtaitunza," akamwambia.

Kisha akatoa mfukoni kikasha cheupe chenye dola aliyoipata mwezi wa Ramadhani. Alikuwa amenipigia simu kwamba mimi ndiye nitakayeiona kwanza. Akamwekea Thabit kiganjani, akasogea akaketi ubavuni pake, akaanza kumfundisha tangu mwanzo, taratibu: namna ya kushika, pa kutazama, kitu cha kutofanya kamwe. Thabit aliuliza hili, akauliza lile, na Aflah akamjibu kila swali. Nilikaa na kipande cha halua mkononi, nikingoja zamu yangu, nimemwonea wivu Thabit kuliko siku ile ya kisanduku. Walipomaliza, Aflah alikirudisha kikasha mfukoni, akaaga.